Kubeba bunduki yenye darubini porini

Anayetoka Arusha kwenda kuwinda Longido au Simanjiro aanze na gari. Toa risasi zote, laza bunduki kwenye begi lenye sponji, darubini isibanwe na mzigo wowote. Barabara za makorongo hulegeza skrubu za vishikizo vya darubini, kwa hiyo ukifika kambini zikague, kisha piga risasi 3 kwenye shabaha ya mita 100 kabla ya kumfuata mnyama.

Porini, kwa anayelenga kwa bega la kulia, tunapendelea hivi: mkanda bega la kushoto, mtutu chini, kinga ya triga (kipete kinachozunguka kifyatulio) ikitazama mbele, mkono wa kushoto umeshika mbao chini ya mtutu. Darubini inakaa kwapani, mbali na miiba ya migunga, na bunduki inapanda begani kwa mwendo mmoja. Kasoro yake ni ukichuchumaa: mdomo wa mtutu hugusa udongo, na tope likiziba humo, risasi inaweza kupasua mtutu. Ziba mdomo kwa tabaka moja la utepe wa umeme. Usiutoe wakati wa kupiga; risasi hupita kwenye utepe huo.

Mtutu juu, bega la kulia, unafaa mbugani peupe. Kwenye vichaka hunasa matawi, na darubini inakugonga mgongoni kila hatua.

Kuiweka begani huku umeshika mtutu, kitako nyuma, tunakataa kabisa: mdomo unamwelekea mfuatiliaji nyayo aliye mbele yako. Chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) ibaki tupu mpaka mwindaji bingwa anayekuongoza aseme.