Kumtambua nondo Polyphemus na kukitunza kifukofuko chake

Nondo huyu, Antheraea polyphemus, anapatikana kuanzia kusini mwa Kanada hadi Meksiko. Akitandaza mabawa hufikia sentimita 10 hadi 15. Rangi isikupe shida, maana wapo wa manjano ya mchanga na wapo wa hudhurungi. Tazama mabawa ya nyuma: kila moja lina doa kubwa kama jicho, la manjano, lenye buluu na weusi pembeni. Kila bawa, hata la mbele, lina kidirisha kisicho na vigamba. Mwanga wa taa unapenya humo. Dume ana vipapasio vipana kama unyoya. Vya jike ni vyembamba, na tumbo lake ni nene.

Kwenye viwavi ndipo wengi hukosea. Huyu ni wa kijani, mnene, anakula majani ya mwaloni na mbetula, na anafanana mno na kiwavi wa nondo mwingine, Luna. Angalia ubavuni: mistari ya manjano ya Polyphemus inapita juu ya matundu ya kupumulia, ya Luna haiyagusi. Wote wawili hawawashi. Kiwavi wa nondo Io, naye kijani, ana miiba na mistari myekundu na myeupe ubavuni. Huyo usimguse, anachoma kama upupu. Viwavi wengi huuawa na nzi Compsilura concinnata, aliyeingizwa Marekani mwaka 1906 ili aangamize nondo waharibifu wa misitu, hakuchagua.

Kifukofuko, yaani ganda la hariri ambamo kiwavi hugeuka nondo, ni kigumu, umbo la yai, na mara nyingi huanguka chini kikiwa kimefungwa ndani ya jani. Kipime mkononi: kizito kina uhai, chepesi huenda kimekufa. Kiweke nje, kivulini, ndani ya kizimba cha wavu ambacho panya hawaingii. Usikiweke sebuleni penye hita, kwani joto humtoa nondo katikati ya baridi, na hewa kavu humkausha. Simamisha vijiti vya kupandia. Akitoka lazima aning'inie mpaka mabawa yajae. Akikosa pa kushika, yanakauka yakiwa yamekunjamana na haruki tena.

Chakula usihangaike nacho: mdomo wake haufanyi kazi, na huishi kama wiki moja tu. Akiwa jike, muache usiku nje kizimbani, madume watafuata harufu yake. Mayai ni bapa, yana mkanda wa kahawia, na huanguliwa baada ya siku 10 hivi. Kabla ya hapo uwe umeshajua mwaloni uko wapi.