Somo: Kupata latitudo kwa nyota ukiwa nchi kavu

Baharini nyota hupimwa kutoka kwenye upeo wa macho. Nchi kavu upeo huo haufai: miti na vilima vimeupandisha, na hujui vimeupandisha kiasi gani. Dawa yake ni karai la oili, litakalokuwa kioo kilicholala sawasawa. Mwenye theodolaiti (darubini ya wapima ardhi) halihitaji, ana pimamaji; somo hili ni la mwenye sekstanti, chombo cha vioo cha kupima pembe kinachokuonyesha taswira mbili: moja ya moja kwa moja, nyingine ya kwenye kioo kinachosogezwa na mkono wake.

Hatua ya 1. Mimina oili chafu kwenye karai, uliweke chini pasipo upepo. Uso wa oili hujisawazisha wenyewe.

Hatua ya 2. Chagua nyota angavu isiyozidi nyuzi 60 kwenda juu. Natumia Suheli (Canopus), inapofika juu kabisa upande wa kusini.

Hatua ya 3. Elekeza sekstanti kwenye nyota na uunganishe taswira zake mbili. Kipimo kikisoma 2′ (dakika 2; nyuzi moja ni dakika 60) badala ya 0, hilo ndilo kosa la chombo.

Hatua ya 4. Simama mahali unapoiona Suheli ndani ya oili. Anza na sifuri ukiitazama angani, kisha sukuma mkono wa sekstanti polepole huku ukiinamisha chombo, taswira isikutoke, mpaka ikutane na ile ya kwenye karai. Hapa wengi hupotea: wanashusha haraka na kudaka nyota ya jirani. Rudia mara kwa mara. Pembe itaongezeka, itatulia, itaanza kupungua. Chukua iliyo kubwa kuliko zote.

Hatua ya 5. Tuseme umesoma 86°46′. Toa kosa la 2′, inabaki 86°44′. Gawa kwa mbili, maana karai limekupa pembe maradufu: 43°22′. Toa 1′ kwa sababu hewa hupinda mwanga: 43°21′. Ukiitoa kwenye 90° unapata 46°39′, umbali wa nyota kutoka utosini. Almanaki (kitabu cha majedwali ya nyota) inaiweka Suheli 52°42′ kusini mwa ikweta ya anga, yaani mstari ulio juu ya ikweta ya dunia. Toa 46°39′: uko 6°03′ kusini mwa ikweta, na hiyo ndiyo latitudo yako. Na saa hukuigusa!

Maswali ya wanachama

Swali: Maji je?
Jibu: Yanafaa usiku uliotulia kabisa. Upepo kidogo tu, nyota inavunjikavunjika.

Swali: Kwa nini isizidi nyuzi 60?
Jibu: Sekstanti nyingi huishia karibu na 120, na hapa unapima maradufu.

Swali: Na longitudo?
Jibu: Hapo saa sahihi ni lazima. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, hivyo sekunde 4 za kosa ni kama kilomita 1.85 kwenye ikweta. Zoea latitudo kwanza.

Swali: Sina sekstanti.
Jibu: Chukua kipimapembe, ukifunge uzi wenye timazi, uchungulie nyota kwenye ukingo wake. Hapo hugawi kwa mbili. Kosa la nusu nyuzi ni kilomita 55 hivi: kwa kujifunza linavumilika, kwa safari usilitegemee.