Nazaré: mawimbi makubwa hayako kwenye ufuo wa mjini

Ukienda Nazaré, Ureno, kutazama yale mawimbi ya urefu wa ghorofa, usiketi kwenye ufuo wa mjini. Panda Sítio, mtaa wa juu, kwa behewa linalovutwa kwa kamba (lipo tangu 1889), kisha tembea hadi ngome ya São Miguel Arcanjo yenye mnara mwekundu wa taa. Simama upande unaotazama Praia do Norte, ufuo wa kaskazini. Siri iko chini ya maji: korongo ambalo huko mbali baharini lina kina cha karibu mita 5,000 linafika hadi karibu kabisa na pwani. Wimbi lililo juu ya korongo linaendelea na kasi yake, la kwenye kina kifupi linapunguza mwendo, na yakikutana mbele ya rasi yenye ngome hiyo yanabebana. Ndipo mwaka 2020 Sebastian Steudtner, Mjerumani mcheza mawimbi kwa ubao, aliteleza juu ya wimbi la mita 26.21. Rasi hiyohiyo inaukinga ufuo wa mjini.

Hila hii haifai kitu majira ya joto ya Ulaya. Nenda kati ya Oktoba na Machi, na usiku wa kuamkia safari tazama utabiri wa bahari: unataka mawimbi ya kutoka kaskazini-magharibi, yenye sekunde nyingi kati ya moja na jingine. Urefu peke yake haukuambii kitu. Upepo mkali ukivuma kutoka baharini utaona povu tu. Na tafadhali, siku ya mawimbi usishuke mchangani Praia do Norte; maji hufika ghafla.