Jua ndani ya fremu: namna ya kulipanga kwenye picha ya mandhari

Jua kwenye picha ya mandhari lina tabia mbili zinazogongana: ni dogo kuliko unavyodhani, na linang'aa kuliko kila kitu kilichomo. Jicho la mtazamaji litalikimbilia kwanza, upende usipende. Kwa hiyo anza kwa kuamua jua likae wapi, kisha mlima, mti na maji vipangwe kulifuata. Wengi hupanga mandhari kwanza, na jua likaishia pembeni kama mgeni aliyekosa kiti.

Pima ukubwa wake kabla ya kuchagua lenzi

Ukilitazama kutoka duniani, jua lina upana wa takriban nusu digrii. Kwenye kamera yenye kihisi (sehemu inayopokea mwanga na kuunda picha) cha milimita 36 kwa 24, chukua urefu wa fokasi wa lenzi (ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake), gawanya kwa 110, utapata kipenyo cha jua kwenye kihisi. Lenzi ya milimita 24 inatoa jua la milimita 0.2 hivi, yaani sehemu moja kati ya 100 ya kimo cha fremu. Lenzi ya milimita 400 inatoa jua la milimita 3.6, karibu sehemu moja kati ya saba. Kamera kuu ya simu nyingi huona kwa upana unaokaribiana na ule wa milimita 24, ndiyo maana jua lililoonekana kubwa mno linapozama hutoka kama nukta. Ukubwa ule wa upeoni uko akilini mwetu tu. Kipenyo chenyewe hakijaongezeka.

Kwa lenzi pana, usilitegemee jua kama umbo. Tegemea kile linachokifanya: vivuli virefu, njia ya mwanga juu ya maji, miale. Kwa lenzi ndefu jua linakuwa duara kamili, na hapo umbali wako ndio unaoamua uwiano. Ili jua lilingane kimo na kitu fulani, zidisha kimo cha kitu hicho mara 110. Mtu wa mita 1.7 anatakiwa awe umbali wa mita 187 hivi, na mti wa mita 10 uwe umbali wa mita 1,100. Ukitaka jua lifike nusu tu ya kimo cha mti huo, simama mita 550 kutoka kwake. Kuvuta zaidi kwa lenzi hakubadilishi uwiano huu, kwa kuwa mti na jua hukua pamoja.

Lenzi ndefu ina hatari yake. Usilitazame jua kupitia kitafutio cha kioo (kidirisha cha kuchungulia), hata kwa sekunde moja, tumia skrini. Usiiache kamera ikielekea jua huku tundu la lenzi (uwazi unaopitisha mwanga) likiwa wazi, kwani joto linalokusanywa linaweza kuunguza shata (pazia lililo mbele ya kihisi) au kihisi chenyewe. Rudisha kifuniko kila unapomaliza kupiga.

Mahali pa kuliweka

Kosa linaloharibu picha nyingi ni kuliweka jua karibu sana na ukingo wa fremu. Duara lenyewe linaweza kuwa ndani, lakini mng'ao mweupe unaolizunguka umekatwa, na jicho linavutwa nje ya picha. Acha nafasi ya kutosha mng'ao wote ukamilike. Kama haiwezekani, litoe jua kabisa, kisha ukinge lenzi kwa kiganja, kwa sababu jua lililo nje kidogo tu ya fremu bado hupaka picha ukungu wa kijivu.

Mahali pa jua ndipo panapoamua pia madoa ya mwanga yataanguka wapi. Madoa haya hutokana na mwanga kurudishwa huku na huku kati ya vioo vya lenzi, na hujipanga kwenye mstari unaotoka kwenye jua na kupita katikati ya fremu hadi upande wa pili. Jua likiwa pembe ya juu kushoto, mlolongo wa madoa utashuka hadi chini kulia, mara nyingi juu ya jiwe au maua uliyoyakusudia. Likisogea karibu na katikati, madoa hujikusanya karibu yake na hayaonekani sana.

Kwenye maji, njia ya mwanga hushuka wima kutoka kwenye jua kuja kwako. Usiikate kwa jiwe au ukingo wa boti, labda kama umbo hilo ndilo picha yenyewe. Vivuli vya miti navyo hutawanyika kuelekea kwenye kamera, na lenzi pana iliyoshushwa karibu na ardhi huvirefusha. Viache viingie kutoka pembe za chini. Vitamrudisha mtazamaji kwenye jua.

Kulificha nusu

Njia bora ya kulitawala jua kali ni kulifunika nusu kwa shina la mti, jabali au mstari wa kilima. Ukiwa mita 10 kutoka kwenye shina, upana wa jua ni sawa na sentimita 9 za shina hilo, kwa hiyo kusogeza kamera chini ya sentimita 5 kunatosha kubadilisha picha nzima. Jua nalo husogea angani upana wake mzima kila baada ya dakika 2 hivi. Tripodi iliyofungwa na kuachwa hapo haifai. Sogea pamoja na jua.

Ukitaka miale yenye ncha:

1. Ondoa filta zote na ufute kioo cha mbele. Vumbi na alama za vidole zisizoonekana siku nyingine zote huwaka jua likiwa ndani ya fremu.
2. Weka tundu la lenzi f/11 hadi f/16 (namba ikikua, tundu hupungua). Ukifika f/22 picha nzima huanza kulegea ukali.
3. Liache jua lichungulie kidogo tu. Chanzo kikiwa kidogo, miale hukatika vizuri.
4. Piga picha ya pili bila kusogeza kamera, ukiwa umelifunika jua kwa kidole. Sehemu zenye madoa utazichukua kutoka hii wakati wa kuhariri.

Idadi ya miale inatokana na vibapa vya tundu la lenzi, yaani vipande vyembamba vinavyolifungua na kulifunga: vibapa 8 hutoa miale 8, lakini vibapa 9 hutoa 18. Simu nyingi zina tundu lisilobadilika, hivyo hatua ya pili haizihusu.

Mwangaza

Kadiri unavyoongeza mwangaza, ndivyo doa jeupe linalozunguka jua linavyopanuka na kumeza kilele au tawi lililo jirani. Pima kwa anga iliyo kando ya jua, si kwa jua lenyewe. Kwenye simu, gusa hapo kisha punguza mwangaza. Kama unataka sehemu ya mbele ionekane, piga tatu kwa RAW (faili ghafi ya kamera): moja ya kawaida, moja iliyopunguzwa mwangaza hatua 2, moja iliyoongezwa hatua 2 (kila hatua huongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu), kisha uziunganishe wakati wa kuhariri. Filta ya nusu giza (kioo chenye giza upande wa juu tu) inafaa baharini palipo na upeo ulionyooka. Milimani huacha vilele vyeusi.

Ukiamua mbele pawe peusi, hakikisha kila umbo linasomeka peke yake. Miti miwili iliyogusana huwa bonge moja. Sogea pembeni hadi anga ipenye kati yao, au shuka chini mtu aliyesimama atoke kwenye ardhi na kubaki mbele ya anga.

Panga pia kwa mwendo wa jua. Karibu na ikweta hushuka karibu wima, na kutoka digrii 5 juu ya upeo hadi kuugusa ni dakika 20 hivi. Kwenye latitudo 60, usiku na mchana vinapolingana, safari hiyo huchukua takriban dakika 40, na jua huteleza pembeni: kulia kaskazini mwa dunia, kushoto kusini. Acha nafasi upande huo.

Kwenye kuhariri, usijaribu kurudisha rangi ndani ya jua lililoungua. Ukishusha sehemu angavu kupita kiasi, duara hugeuka kijivu na pete za rangi hujitokeza kulizunguka. Liache jeupe, kisha lainisha mpaka wake kuelekea anga.