SOMO: Kubadili unene wa nyuzi na tyuni kwenye gitaa lenye Floyd Rose inayoelea

Naandika mara moja, atakayeniuliza tena nitamtumia hili. Msimu wa korosho ukianza na harusi zikifuatana kuanzia Lindi mpaka Masasi, swali ni lile lile: "Fundi, nimefunga nyuzi nene, briji imeinuka mkia kama mbuzi ya kukunia nazi, na kila nikityuni uzi mmoja mingine inakimbia."

Floyd Rose ni briji (kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa) isiyokazwa kwenye mbao. Imeegemea nguzo mbili, mbele inavutwa na nyuzi, nyuma na springi, inatulia pale nguvu zinapolingana. Seti ya 9-42 (unene wa uzi mwembamba na mnene kabisa, kwa elfu za inchi) kwa tyuni ya kawaida, yaani E, inavuta jumla ya kilo 38 hivi. 10-46 inavuta 47. Ukishusha hiyo 10-46 nusu toni inakuwa 42, ukishusha toni nzima inabaki 37. Kwa hiyo anayetoka 9 kwenda 10 na papo hapo anashuka toni nzima mpaka D, springi zake hatazigusa sana. Anayebaki E ana kazi.

Vifaa: alenki (ufunguo wa pembe sita) ya mm 3, nyingine ya mm 2.5 au 2 kulingana na briji yako, bisibisi ya nyota, koleo ya kukatia, tyuna, vocha za kukwangua zilizokwisha kutumika (ndizo kabari).

1. Kabla hujagusa kitu, itazame briji kwa ubavu. Inatakiwa ilale sambamba na mwili wa gitaa.

2. Fungua vifungio vitatu vinavyobana nyuzi shingoni, viweke kwenye kikombe.

3. Skrubu ndogo za kutyunia juu ya briji zirudishe katikati.

4. Zuia briji. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Fungua kifuniko cha nyuma, utaona chuma kizito kinachoning'inia chini ya briji. Nyuzi zikizidi nguvu, chuma hicho kinakwenda upande wa mkia wa gitaa. Springi zikizidi, kinakwenda upande wa shingo. Basi ukipandisha unene, kabari ikae upande wa mkia. Ukipunguza unene au kushusha tyuni, kabari ikae upande wa springi, yaani wa shingo. Ukiiweka upande usiohusika, haizuii chochote, utakesha unatyuni. Panga vocha moja juu ya nyingine mpaka briji ilale sawa kabisa. Wakati nyuzi zote zimetoka, weka pia kitambaa kilichokunjwa chini ya mkia wa briji, la sivyo itazama na kukwaruza rangi.

ONYO: usizungushe zile nguzo mbili kubadili kimo cha briji huku nyuzi zimekazwa. Makali ya briji yanasagika pale yanapoegemea, na yakishaliwa haitarudi mahali pake tena ukitumia mkono wa kutikisia. Legeza nyuzi kwanza, kila mara.

5. Toa nyuzi za zamani, futa vumbi.

6. Kata kile kishanga cha mwisho wa uzi pamoja na sehemu iliyosokotwa. Ingiza uzi kwenye kikalio chake (kile kipande cha briji kinachoubana) mpaka ufike chini, kaza. Ukikaza kwa hasira, kile kipande kidogo kinachobana uzi kinapasuka.

7. Kabari ikiwa bado ndani, tyuni, vuta kila uzi kwa vidole, tyuni tena. Rudia mpaka zisishuke.

8. Sasa springi. Kaza zile skrubu mbili ndefu zinazoshikilia springi kwenye mbao, nusu mzunguko kila moja kwa zamu, tyuni, endelea hadi kabari ianguke yenyewe. Ikianguka, mizani imepatikana. (Kama umepunguza unene, legeza badala ya kukaza.) Skrubu zikifika mwisho na kabari bado imebanwa, ongeza springi.

9. Linganisha freti ya 12 na uzi mtupu. Sauti ya freti ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma. Legeza uzi huo kabla ya kukisogeza.

10. Funga shingoni. Tyuni ikipanda kidogo, malizia kwa skrubu ndogo. Ikipanda sana, ile baa nyuma ya vifungio haijalaza nyuzi, ishushe.

MASWALI

Rithimu_Ligula: Nimefuata yote ila bado haishiki. Nifanyeje?

Jibu: Nyuzi namba ngapi, tyuni gani, springi ngapi?

Rithimu_Ligula: 11-49, E, springi mbili.

Jibu: Hizo ni zaidi ya kilo 50 kwa springi mbili. Weka nne, uanze tena hatua ya 4.

Dogo_Nachingwea: Hatua ya 4 ndefu mno mkuu, naweza kuiruka?

Jibu: Ruka, halafu utakesha unatyuni.

Solo_Masasi: Shikamoo fundi. Nikitaka kushusha uzi wa sita tu mpaka D katikati ya shoo, inawezekana?

Jibu: Marahaba. Swali zuri. Ikiwa inaelea, haiwezekani: ukilegeza wa sita, springi zinashinda na nyuzi tano zinapanda. Weka kabari ya mbao ya kudumu upande wa springi. Mkono utashusha sauti tu, hautaipandisha, na nyuzi zingine hazitaguswa. Ila skrubu ndogo haifiki toni nzima, lazima ufungue kifungio cha uzi wa sita na wa tano, ndiyo maana wengi wanabeba gitaa la pili. Na ukiwa harusini, fungia nyuzi kinyume: kishanga kibaki kwenye kigingi cha kutyunia kichwani, kisha zungusha mizunguko ya ziada. Uzi ukikatikia kwenye briji, unalegeza kigingi, unavuta, unabana upya.

Mikindani_Besi: Mimi besi, sihusiki, ila alenki zangu na skrubu zinaota kutu haraka. Mnafanyaje huku pwani?

Jibu: Karibu. Futa jasho ukimaliza kupiga, pitisha kitambaa cha pamba hadi chini ya nyuzi. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kila skrubu ya kukazia, ukishaitoa, siyo juu juu. Wenye Floyd Rose waongeze tone pale briji inapoegemea nguzo. Na alenki iliyochakaa ncha itupe, inalainisha tundu la skrubu, na ikishalainika utaitoa kwa drili.