Mtoto anataka kushona? Anza na boksi kwanza
Kama una mtoto ambaye kila ukishika sindano na yeye anataka, mpe tu jamani, ila usianze na kitambaa. Chukua kipande cha boksi gumu, chora samaki au ua, toboa matundu kuzunguka mchoro yaachane kama sentimita 1 hivi, halafu mpe uzi wa kufumia sweta na sindano kubwa butu ya plastiki, kama hamna basi kamba ya kiatu inatosha kabisa maana ncha yake tayari ni ngumu. Hapo anajifunza kupandisha na kushusha bila kujichoma.

Akizoea mpe soksi iliyopoteza mwenzake, ijazeni vitambaa chakavu, afunge mdomo wa soksi kwa bandi, yaani mshono uleule wa kupandisha na kushusha sindano, tayari mdoli. Uzi kata mfupi, usizidi urefu wa mkono wake, ukiwa mrefu unajifunga mafundo na mtoto anakata tamaa mapema. Macho yachoreni kwa kalamu tu, vifungo hapana kama nyumbani kuna mdogo wa chini ya miaka 3, vinang'oka na vinaweza kumkaba. Mshono ukienda kombo usiufumue, uache hivyohivyo, ni kazi yake.