Somo: Saa ya Linux haikai sawa? Pima tofauti kwanza, ndipo uguse mipangilio

Wakuu, leo tushughulikie kosa ambalo mara nyingi hujitokeza likiwa limevaa sura ya kosa jingine. Kivinjari kinakataa kila tovuti kikidai cheti cha usalama si halali. Amri ya apt, ile ya kusakinisha programu, inagoma kusasisha, ikisema faili la Release bado halijaanza kutumika. Zile namba sita za kuthibitisha, zinazobadilika kila sekunde 30, zinakataliwa ingawa umeziandika sawasawa. Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji kwenye mitandao ya ofisi, nayo kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5. Watu hukesha wakibadilisha nywila na kuzima na kuwasha ruta, kumbe ni saa tu.

Ombi langu kubwa: usikimbilie kuandika saa kwa mkono kwa amri ya date. Ukifanya hivyo unafuta ushahidi. Ukubwa wa tofauti ndio utakaokuambia kosa liko wapi.

Hatua ya 1: Soma saa zote

    timedatectl

Angalia mistari mitatu ya juu: Local time ni saa ya ukanda wako, Universal time ni UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, na RTC time ni saa ya kifaa chenyewe, ile inayoendelea kutembea kwa betri kompyuta ikiwa imezimwa. Linganisha na simu unayoiamini.

Hapa sisi Waswahili tuwe waangalifu. Mashine huanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo saa tatu asubuhi kwake ni 09:00. Ukiomba msaada, nakili tarakimu kama zilivyo kwenye skrini, usitafsiri kichwani. Nimeshuhudia watu wawili wakibishana jioni nzima juu ya kosa la saa 6 ambalo halikuwepo.

Sasa pima tofauti. Kama Universal time ni sahihi ila Local time imepishana kwa saa kamili au nusu saa kamili, basi tatizo ni ukanda wa saa, si usawazishaji. Tafuta jina la ukanda wako kwa `timedatectl list-timezones`, liweke kwa `sudo timedatectl set-timezone`, na kazi yako imeishia hapo. Kama mashine imerudi nyuma miezi au miaka kila inapowashwa, ruka hadi hatua ya 6. Na kama imepotea kwa sekunde au dakika zinazoongezeka polepole, hakuna anayeisahihisha. Fuwele, kile kipande kinachohesabu mapigo ya saa ndani ya kompyuta, ikikosea sehemu 20 kwa milioni hupoteza takriban sekunde 1.7 kwa siku; kwa mwezi hiyo inakaribia dakika nzima.

Hatua ya 2: Nani anashika saa?

    systemctl list-units --type=service | grep -E 'chrony|ntp|timesync'

Amri hii inatafuta huduma zinazosawazisha saa na seva za mtandaoni, kama chrony na systemd-timesyncd (kwa kifupi timesyncd). Inatakiwa kuonekana moja tu inayofanya kazi. Fahali wawili hawakai zizi moja: moja inavuta saa mbele, nyingine inairudisha. Ukizikuta mbili, zima moja, kwa mfano `sudo systemctl disable --now systemd-timesyncd`. Usipokuta hata moja, jaribu `sudo timedatectl set-ntp true`. Kwa kompyuta ya mezani timesyncd inatosha. Kwa seva, mimi huweka chrony bila kusita, kwa sababu inakueleza kwa undani kinachoendelea.

Hatua ya 3: Iulize chrony inaona nini

    chronyc sources

Mfano wa jibu baya:

    ^? 192.0.2.10    0   6     0     -     +0ns[   +0ns] +/-    0ns

Tumia muda hapa, maana mstari huu mmoja una majibu mengi. Alama ya mwanzo: `^*` ni seva iliyochaguliwa, `^+` ni inayochangia, `^?` haijafikiwa au haijaaminika bado, na `^x` ni ile ambayo chrony imeona inapingana na wenzake. Kisha tazama safu ya Reach, namba ya tatu baada ya anwani, ambayo hapa ni 0. Hiyo ni kumbukumbu ya maulizo manane ya mwisho, imeandikwa kwa namba za msingi wa nane. 377 maana yake majibu yote manane yalifika. 357, moja lilipotea njiani. 17, ni manne ya karibuni tu yaliyofika, pengine huduma imewashwa sasa hivi. 0, hakuna kitu.

Wanaotumia timesyncd waandike `timedatectl timesync-status`.

Hatua ya 4: Reach ni 0

Anza na jina: `getent hosts pool.ntp.org`. Lisipoleta anwani, tengeneza DNS kwanza, ile huduma inayogeuza majina kuwa anwani. Likileta, jaribu kuuliza saa bila kubadilisha chochote:

    chronyd -Q 'server pool.ntp.org iburst'

Ukipata maneno "System clock wrong by ... seconds (ignored)", njia iko wazi na kosa limo kwenye faili lako la mipangilio. Ikikaa kimya hadi ikakata tamaa, kuna ukuta wa moto unaozuia UDP poti 123. Tafadhali usitoe hukumu kwa kutumia ping. Ping hupita njia nyingine kabisa na inaweza kujibu vizuri huku poti 123 imefungwa. Kwenye mitandao ya ofisi hali hii ni ya kawaida. Muulize msimamizi jina la seva ya saa ya ndani, uiweke kwenye chrony.conf, faili la mipangilio la chrony, kwa mstari wa `server` wenye `iburst` mwishoni, kisha uwashe huduma upya.

Hatua ya 5: Reach ni 377 lakini saa bado iko mbali

Chrony haipendi kurusha saa. Huiharakisha au kuichelewesha kidogo kidogo ili programu zisishtuke. Mstari wa `makestep 1.0 3` kwenye chrony.conf unairuhusu kuruka tofauti ikizidi sekunde 1, lakini katika masahihisho matatu ya kwanza tu. Ukitaka iruke sasa:

    sudo chronyc makestep
    sudo hwclock --systohc

Amri ya pili inahifadhi saa sahihi kwenye kifaa. Kama mashine ina hifadhidata na saa itarudi nyuma, simamisha hifadhidata kwanza.

Hatua ya 6: Betri

Kuna seva niliyoitunza iliyokuwa ikiamka miaka miwili nyuma kila umeme ukikatika. Niliandika saa upya mara tatu kabla ya kufungua kava. Betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu, nilipoigusisha mita ilisoma volti 1.4, wakati nzima hutoa 3. Nilibadilisha betri, nikaandika hwclock, na haijarudia tena.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Nina Windows na Linux kwenye laptop moja. Nikitoka Linux kuingia Windows, saa inapishana. Nimechoka kurekebisha.

Jibu: Pole ndugu. Windows huichukulia saa ya kifaa kuwa ya ukanda wako, Linux huichukulia kuwa UTC, kwa hiyo kila mmoja anaharibu ya mwenzake. Upande wa Linux weka `sudo timedatectl set-local-rtc 0`. Upande wa Windows, kwenye rejista chini ya TimeZoneInformation, ongeza DWORD iitwayo RealTimeIsUniversal yenye thamani 1.

Swali: Mashine pepe yangu nikiisitisha usiku, asubuhi inaanzia pale ilipoishia.

Jibu: Ile ruhusa ya kuruka mara tatu ya hatua ya 5 imeshakwisha. Kwenye chrony.conf andika `makestep 1 -1`. Hapo itaruka wakati wowote. Usiiweke kwenye seva ya hifadhidata.

Swali: Ndani ya kontena nikiandika date -s napata "Operation not permitted" hata nikiwa root.

Jibu: Kontena haina saa yake, inatumia ya kerneli ya mwenyeji. Rekebisha kwa mwenyeji.

Swali: Mwalimu, seva mbili za saa zinatosha?

Jibu: Hapana. Zikitofautiana, chrony haina namna ya kujua ipi inakosea. Tatu ndiyo ya chini, na nne ni bora, kwa sababu hata moja ikizimika bado zinabaki tatu za kupigiana kura. Kwa wanaotumia `pool`, mstari mmoja huleta seva kadhaa. Hesabu mistari ya `chronyc sources` uone umepata ngapi.